Mtoto wa Kituoni Ana Kwao

Kila inapokaribia Ramadhani au Krismasi, simu ya shirika letu dogo huita mfululizo, na swali ni lilelile: kituo chenu cha yatima kiko wapi, tuwaletee mchele, mafuta na sabuni? Nikijibu kwamba hatuna kituo, kwamba watoto tunaowahudumia wanaishi kwa bibi, mashangazi na wajomba zao, anayeuliza hupoa, kana kwamba nimemwambia hatuna kazi tunayofanya. Juzi mfadhili mmoja aliahidi kutujengea bweni ili watoto wote wa kata wasio na mtu wakae pamoja. Watoto hao wana watu, na nimechoka kulieleza jambo hili kwa simu.

Wengi wa watoto wanaolelewa katika makao ya watoto, si hapa Tanzania tu, wana mzazi aliye hai au ndugu wa karibu anayejulikana. Mara nyingi kilichowafikisha huko ni umaskini: mama ameugua, baba hajulikani alipo, bibi ameshindwa kununua sare, na mtu mwenye nia njema akasema kwamba kituoni kuna chakula na shule. Bweni likijengwa, vitanda vyake hujaa, kwa sababu kaya ambayo ingevuka mwaka mmoja mgumu kwa msaada kidogo huona kwamba njia pekee iliyobaki ni kumtoa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka huohuo, inakataza umaskini peke yake kuwa sababu ya kumtenga mtoto na familia. Utafiti ulioanza Bucharest, mji mkuu wa Romania, mwaka 2000 kwa watoto wadogo 136 ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwenye familia, hasa kabla ya kufikisha miaka miwili, walikua vizuri kuliko wenzao waliobaki kwenye taasisi.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kaya ya bibi mwenye wajukuu saba. Shule ya serikali haitozi ada tangu 2016, lakini sare, madaftari na michango ya chakula cha mchana bado ni mzigo wake. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilipoanza mwaka 2018, kadi ya shilingi 30,000 kwa mwaka ilihudumia kaya ya watu wasiozidi 6. Bibi huyu na wajukuu wake ni wanane, kwa hiyo kila mara wawili walibaki bila kadi. Mtoto wa tatu hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu mama yake alifariki kabla ya kufuatilia. Hakuna gunia la mchele linalotatua hata moja kati ya haya. Yanatatuliwa na mtu anayekwenda kwa mtendaji wa kata, anayerudi tena mtendaji asipokuwepo, anayeambatana na bibi hadi kwa afisa ustawi wa jamii na kuhakikisha kwamba jina la mtoto limeandikwa sawasawa.

Mtu huyo hupanda bodaboda, na hapo ndipo ninapogombana na wafadhili. Wanataka kila shilingi imfikie mtoto moja kwa moja, na nauli wanaiita ulaji. Mahesabu yawekwe wazi, na anayeiba ashitakiwe. Hilo halina mjadala. Lakini ziara ya nyumbani ndiyo huduma yenyewe. Mhudumu wetu akifika wakati wa chakula hutazama kama mtoto aliyepokelewa anakula sinia moja na wenzake au anasubiri wamalize. Huuliza analala wapi, na huomba kuona madaftari, kwa sababu daftari lenye tarehe zinazoruka kila Jumatatu linaonyesha siku ambazo mtoto alibakizwa nyumbani kuchota maji na kulea mdogo. Mambo haya hayaonekani kwenye picha ya makabidhiano ya sabuni, na hayajulikani kwa ziara moja.

Ndugu wa damu nao si malaika. Nimeona watoto waliochukuliwa na jamaa kwa ajili ya kazi za ndani, na wengine waliodhulumiwa urithi wa nyumba ya baba yao na walezi haohao. Mtoto anayepigwa au kunajisiwa lazima aondolewe siku hiyohiyo, na kama familia ya kuaminika haijapatikana, makao ya watoto yaliyosajiliwa yanahitajika, nami huyashukuru. Ninalolikataa ni kuyafanya jibu la kwanza kwa kila kaya maskini.

Liko pia swali ambalo sijalipatia jibu linaloniridhisha. Tukimnunulia viatu mjukuu mmoja aliyefiwa, binamu zake wanaolala naye mkeka mmoja wanabaki peku, na chuki inaingia. Tukiwanunulia wote, fedha zinaisha kabla ya kufika kaya ya jirani. Kwa sasa tunahudumia kaya nzima na kukubali kufikia kaya chache, na kila mwaka kamati yetu hubishana upya iwapo huo ndio uamuzi sahihi.