Mwalimu Mpya Anahitaji Mlezi, Si Mkaguzi wa Pili

Mwalimu anayeanza kazi hukabidhiwa, tangu wiki ya kwanza, majukumu yale yale aliyonayo mwenzake mwenye miaka 20 darasani: vipindi, madaftari ya kusahihisha, zamu na wazazi wenye malalamiko. Mara nyingi huongezewa na darasa ambalo wazoefu wamelikwepa, kwa hoja kwamba "hata sisi tulianzia huko huko". Hoja hiyo humfundisha jambo moja tu, nalo ni kuzificha shida zake.

Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na shirika la elimu la Umoja wa Mataifa (UNESCO) kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, linautazama muda wa majaribio kuwa fursa ya kumtia moyo mwalimu mgeni na kumsaidia kuingia kazini, na papo hapo kulinda viwango vya taaluma. Ugumu huanza pale kazi hizo mbili zinapowekwa mikononi mwa mtu mmoja. Mwalimu mpya akijua kwamba anayemsaidia ndiye atakayeandika taarifa ya kumthibitisha kazini, hatamwambia kwamba jana kipindi kilimshinda. Atamwonyesha andalio la somo lililonakiliwa kwa mwandiko mzuri, kisha amkaribishe kwenye darasa lake tulivu kuliko yote. Kwa sababu hiyo tunashauri mlezi, yaani mwalimu mzoefu anayemwongoza mgeni, asiwe mtathmini. Shule yenye walimu wachache mno kutenganisha majukumu hayo iafikiane nao mapema ni mazungumzo yapi hayataingia katika taarifa.

Inafaa mwalimu mpya atangulie kuketi katika darasa la mzoefu, ingawa kutazama peke yake hakutoshi, kwa kuwa mengi anayoyafanya mzoefu yamekwisha kuwa mazoea asiyoyaona hata mwenyewe. Tuchukue mfano wa kunyamaza baada ya kuuliza swali. Tafiti za Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, zilizoanza kujulikana katika miaka ya 1970, zilionyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Mgeni aliyeketi nyuma huona mwenzake amesimama kimya, akadhani amesahau la kusema. Asipoelezwa baada ya kipindi, atarudi darasani kwake na kuendelea kujijibu maswali.

Zamu ya mzoefu kutazama ikifika, aandike alichokiona kabla ya anachokifikiria. "Darasa lako lina kelele" ni hukumu, na jibu lake ni kujitetea. "Uliuliza maswali 14, na 11 yalijibiwa na wanafunzi watatu wa safu ya mbele" ni jambo ambalo wawili wanaweza kuliinamia pamoja na kuamua la kujaribu kesho. Jambo moja kwa kikao linatosha.

Mpya naye haji mikono mitupu, kwani pengine ndiye aliyesomea mtaala wa sasa na vifaa vyake. Tatizo ni kwamba ujuzi huo huishia kumgeuza mpiga chapa wa mitihani ya ofisi nzima ya walimu, na kwa heshima ya umri hawezi kukataa. Hilo mkuu wa shule analiona, na ni lake kulikomesha.

Yote haya yanahitaji muda uliotengwa. Nchini Uingereza, katika shule za England, tangu Septemba 2021 malezi ya mwalimu mpya huchukua miaka miwili, na vipindi vyake hupunguzwa kwa asilimia 10 mwaka wa kwanza na asilimia 5 wa pili. Shule isiyomudu hayo iandike katika ratiba walau kipindi kimoja kwa wiki ambacho wote wawili hawafundishi, kwa sababu maneno ya mlangoni huku kengele ikilia hayafiki mbali. Baada ya muhula wa kwanza, kila mmoja aruhusiwe kuomba kubadilishiwa mwenzake bila kudaiwa sababu.