Kutoa Mimba Kenya: Yanayosemwa na Yaliyo Kwenye Sheria

Suala la kutoa mimba likizuka Kenya, iwe redioni, kwenye kikao cha chama au nje ya kanisa baada ya ibada, hakukosi mtu wa kudai kwamba Katiba imesema jambo ambalo Katiba haijasema. Wanaopinga hufanya hivyo, na wanaounga mkono pia. Watu kutofautiana kuhusu uhai wa kijusi ni haki yao. Ni suala zito, na watu wenye imani na akili timamu wamelibishania karne nyingi. Linaloniuma ni ubishi kuendeshwa kwa habari za uongo, kwa sababu anayeumizwa na uongo huo si mzungumzaji wa redioni. Ni msichana aliyejifungia chumbani akivuja damu, anayeogopa kwamba akifika hospitali atakutana na askari.

"Kenya imepiga marufuku kutoa mimba kabisa." "La, Katiba ya 2010 ilihalalisha."

Kauli zote mbili si kweli. Kifungu cha 26 cha Katiba kinaanza kwa kumpa kila mtu haki ya kuishi, kisha kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Ibara ya nne ya kifungu hichohicho inasema kutoa mimba hakuruhusiwi, halafu inataja hali ambazo kunaruhusiwa: mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona kwamba kuna haja ya matibabu ya dharura, au kwamba maisha au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa kuna sheria nyingine iliyoandikwa inayoruhusu.

Kwa hiyo katazo ndiyo kanuni, na ruhusa ni ya hali maalumu. Anayekwambia kwamba mwanamke nchini Kenya anaweza kutoa mimba kwa kutaka tu anakupotosha. Anayekwambia kwamba daktari hawezi kumsaidia hata mama anayekaribia kufa anakupotosha vibaya zaidi.

Watu wengi hulipita neno "afya" bila kulitazama. Kifungu hakikuishia kwenye "maisha". Nayo Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza afya kuwa ni hali njema ya mwili, akili na maisha ya mtu katika jamii, si kukosa ugonjwa tu. Sheria hiyo pia inafafanua mtaalamu wa afya ni nani: si daktari peke yake, bali pia muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki, mradi amefunzwa na ana leseni halali. Katika kaunti ambazo daktari yuko mbali na muuguzi wa zahanati ndiye aliye karibu, ufafanuzi huo una uzito mkubwa.

Makanisa mengi yalipiga kampeni dhidi ya Katiba hiyo kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, kifungu hiki kikiwa miongoni mwa sababu kuu pamoja na suala la mahakama za Kadhi. Hoja yao ilisikika nchi nzima, wananchi wakapiga kura, na Katiba ikapita.

"Aliyebakwa hana njia, sheria haimtambui."

Hapa nitakaa kidogo, maana kuna kesi ambayo kila anayezungumzia jambo hili angepaswa kuijua. Mwaka 2014 msichana wa miaka 14 kutoka eneo la Kisii, ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi JMM tu, alibakwa na akapata mimba. Hakupata huduma hospitalini. Alipelekwa kwa mtu aliyejiita daktari, mimba ikatolewa ovyo, naye akarudi nyumbani akitapika na kutokwa na damu. Alihamishwa kutoka kituo kimoja cha afya hadi kingine, mpaka figo zake zikashindwa kufanya kazi. Mama yake, pamoja na shirikisho la mawakili wanawake FIDA-Kenya na wenzao, walikwenda Mahakama Kuu.

Walichokilalamikia kilikuwa mahususi. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilikuwa imetoa mwongozo wa kuwaelekeza wahudumu jinsi ya kupunguza magonjwa na vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama. Desemba 2013 wizara hiyohiyo iliuondoa mwongozo huo, na Februari 2014 ikakataza wahudumu kufundishwa jambo hilo. Kifungu cha Katiba kilibaki palepale, lakini muuguzi aliyekuwa zamu hakuwa tena na waraka wa kumwonyesha nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Mtu akiachwa hivyo, huku sheria ya jinai ikimsubiri, ataepuka kumgusa mgonjwa.

JMM alifariki Juni 2018. Hukumu ilitoka Juni 12, 2019, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Majaji watano waliamua kwamba kuuondoa mwongozo ule kulikiuka haki za wanawake na wasichana, kwamba mwathiriwa wa ubakaji aliyepata mimba anaweza kuhudumiwa ikiwa mtaalamu wa afya ataona kwamba maisha au afya yake, ikiwemo afya ya akili, imo hatarini, na kwamba serikali imlipe mama ya JMM fidia ya shilingi milioni tatu. Wakati huohuo walisisitiza kwamba kutoa mimba bado ni kosa nje ya yale yaliyotajwa kwenye Katiba. Pande zote mbili huisoma nusu ya hukumu hii na kuiacha nusu nyingine.

Yapo maamuzi mengine. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya msichana aliyekamatwa akiwa anatibiwa, lakini hukumu hiyo ilikatiwa rufaa, na asiwepo wa kuinukuu kana kwamba ndiyo neno la mwisho.

"Kukataza kutoa mimba ndiyo mila yetu, kuruhusu kumeletwa na Wazungu."

Zitazame Kanuni za Adhabu za Kenya, vifungu vya 158 hadi 160. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14, mwanamke anayejitoa mwenyewe miaka saba, na anayetoa dawa au vifaa miaka mitatu. Ukivuka mpaka na kuisoma Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 150 hadi 152, utakuta adhabu zilezile. Mfanano huo haukutokana na wazee wa Kikamba na wa Kisukuma kukaa pamoja. Vifungu hivyo ni urithi wa ukoloni, na mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Uingereza yenyewe ililegeza yake mwaka 1967, sisi tukabaki nayo.

Sisemi kwamba mila zetu zilikubali kutoa mimba. Nyingi zilikataa, tena kwa adhabu zake zenyewe. Ila kifungo cha jela kwa mwanamke hakikutoka huko. Na wanaosema kila ruhusa hutoka ng'ambo wakumbuke Itifaki ya Maputo, mkataba wa haki za wanawake Afrika uliopitishwa na viongozi wa Afrika Julai 2003. Inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba kwa usimamizi wa kitabibu pale panapokuwa na ubakaji, uhusiano wa kimapenzi wa maharimu, au hatari kwa maisha ya mama au afya yake ya mwili na akili. Tanzania iliridhia mwaka 2007. Kenya iliridhia mwaka 2010, lakini ikaweka kando kipengele hichohicho, na hiyo ni haki yake kama dola. Itifaki bado ni kazi ya Waafrika.

"Lazima uwe na ripoti ya polisi, kibali cha mahakama au saini ya mume."

Katiba ya Kenya haikutaja polisi, hakimu wala mume. Imetaja mtaalamu wa afya. Rwanda iliwahi kudai amri ya mahakama katika sheria yake ya 2012. Waliobakwa wakashindwa kuipata kwa wakati, na sheria ya 2018 ikaliondoa sharti hilo.

"Sheria ikikaza, wanawake wataacha."

Kenya ni nchi yenye sheria kali, na utafiti wa mwaka 2012 uliofanywa kwa ushirikiano na Wizara ya Afya ulikadiria kwamba mimba zipatazo 465,000 zilitolewa mwaka huo, huku wanawake karibu 120,000 wakitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yaliyofuata. Wengi wa waliotibiwa walikuwa wameolewa au wanaishi na mwenza. Nalitaja hili kwa sababu kila tukisikia "kutoa mimba" tunamwona msichana wa chuo aliyepotoka, hatumwoni mama wa watoto wanne ambaye sindano ya kupanga uzazi ilikosekana zahanati.

Romania ni mfano ulio wazi kuliko wote. Mwaka 1966 mtawala wake, Nicolae Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba karibu kabisa. Mwaka uliofuata waliozaliwa waliongezeka takriban mara mbili. Kisha idadi ikaanza kushuka tena, maana wanawake walitafuta njia za siri, na vifo vya uzazi vya Romania vikawa juu kuliko nchi nyingine za Ulaya. Utawala ulipoanguka Desemba 1989 katazo lilifutwa mara moja, na vifo hivyo vikashuka haraka. Afrika Kusini nayo ilibadilisha sheria yake kuanzia Februari 1997, na katika miaka michache vifo vitokanavyo na utoaji mimba vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Lakini wanaotetea ruhusa wasiseme kwamba sheria peke yake inatosha. Zambia ina sheria pana tangu 1972, ila inadai saini za madaktari watatu, mmoja wao bingwa. Mwanamke wa kijijini awapate wapi madaktari watatu? Ndiyo maana njia za hatari ziliendelea kutumika katika nchi ambayo kwenye karatasi imeruhusu.

"Ukitoa mimba hutazaa tena, utapata saratani ya matiti, utarukwa na akili."

Utoaji mimba uliofanywa na mtaalamu, kwa njia sahihi na kwa wakati unaofaa, hausababishi utasa. Kinachoharibu mfuko wa uzazi ni vijiti, sumu, vyuma visivyosafishwa na maambukizi yaliyoachwa bila tiba. Kuhusu saratani, uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2004 ulikusanya tafiti 53 kutoka nchi 16 na haukuona uhusiano wowote. Kuhusu akili, huzuni ipo, wengine huomboleza, na asiwepo wa kuwabeza. Ila tafiti zilizowafuatilia wanawake kwa miaka, ukiwemo mmoja wa Marekani uliowafuata kwa miaka mitano, hazikuonyesha kwamba waliotoa mimba walipatwa na sonona zaidi ya walionyimwa huduma hiyo.

"Dini zote zinasema kitu kimoja."

Kanisa Katoliki limekuwa likihesabu kutoa mimba kuwa dhambi tangu zamani, na hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni hesabu ya uzito wake: kwa karne nyingi adhabu ya kanisa ilitofautisha kati ya kijusi kilichopata roho na ambacho bado, mpaka Papa Pius IX alipoifuta tofauti hiyo mwaka 1869. Hata leo mafundisho hayo yanaruhusu matibabu yanayolenga kumponya mama, mfano kukata mrija wenye mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ingawa kijusi hakitaishi.

Katika Uislamu, hadithi ya Mtume iliyopokewa na sahaba wake Ibn Mas'ud inaelezwa na wanazuoni wengi kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120. Kabla ya siku hizo wametofautiana: wapo wa madhehebu ya Hanafi walioruhusu kukiwa na udhuru, na yupo Imamu Ghazali, Mshafii kama walivyo Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyeona ni kosa tangu mwanzo na uzito wake ukizidi kadiri mimba inavyokua. Kuhusu kuokoa maisha ya mama, walio wengi wanaruhusu.

Kwangu mimi, anayeamini kwamba kijusi ni uhai hajakosea mbele ya Katiba. Katiba imesema hivyo. Lakini Katiba hiyohiyo, mistari michache chini yake, imekubali kwamba uhai huo unaweza kugongana na maisha na afya ya mama, ikampa mtaalamu kazi ya kupima. Kupaza sauti kwamba "ni uhai" hakumalizi kesi. Kupaza sauti kwamba "ni mwili wangu" hakumalizi pia.

"Ukienda hospitali baada ya kutoa mimba utakamatwa, na atakayekutibu atafungwa."

Ningeweza kuifuta dhana moja tu, ningeifuta hii. Imeota kwa sababu mambo yametokea. Mwaka 2014 muuguzi mmoja alihukumiwa kunyongwa kwa kifo cha mwanamke aliyefia ndani ya gari lake. Alisema mwanamke huyo alimfikia akiwa tayari anavuja damu, na kwamba alikuwa anamkimbiza hospitali. Mahakama ya Rufaa ilimwachia huru mwaka 2017. Katika miaka hiyo mitatu, wauguzi wangapi walijifunza kufunga mlango wakimwona mgonjwa kama huyo?

Sheria inasema tofauti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa na mtu, ni huduma halali. Kwa mhudumu dalili huwa zilezile na tiba huwa ileile, kwa hiyo mweleze ulichomeza au ulichofanyiwa ili akutibu sawasawa. Damu inayolowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, ni dharura. Vilevile homa, uchafu unaonuka, maumivu ya tumbo yasiyopoa, au kuzimia. Usingoje kupambazuke, na usingoje mume arudi. Wewe jirani au dada uliye naye chumbani, tafuta gari sasa hivi.