Wakala wa vitabu vya watoto: tunavyodhani na ilivyo

Dhana: Kitabu cha watoto ni kitabu cha watoto tu.

Huwa nasoma miswada ya wenzangu hapa Mbeya, na hili ndilo kosa linaloniuma zaidi maana linaua hadithi nzuri. Mtu akisikia wakala wa fasihi wa Uingereza au Marekani, yaani anayemtafutia mwandishi mchapishaji, anapokea kazi za watoto na vijana, anamtumia kurasa 200 za sungura na fisi.

Ukweli ni kwamba humo mna makundi kadhaa, kwa umri wa msomaji. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa kwa mafungu ya kurasa. Maneno yake mara nyingi hayafiki 1,000. Picha hubeba sehemu kubwa ya hadithi. Vinafuata vya mtoto anayeanza kujisomea, kisha riwaya za miaka 8 hadi 12, halafu za vijana wa 12 hadi 18, ambazo mhusika mkuu ni kijana mwenyewe, na mapenzi, msiba na hasira vina nafasi. Kuna wakala anayeshika zote, na kuna anayetaka riwaya za vijana peke yake.

Chukua Ziwa Ngozi, lile la juu mlimani, njia ya Tukuyu. Kwa mtoto wa miaka mitano: msitu, ukungu, maji ya kijani, sentensi chache. Kwa wa miaka kumi: ndugu wawili wanapanda bila ruhusa. Kwa wa kumi na sita: binti aliyefiwa na mama yake anapanda peke yake akalie huko juu. Mlima mmoja, vitabu vitatu, na pengine mawakala watatu.

Dhana: Utafute mchoraji kwanza.

Hapana. Mchapishaji ndiye humchagua na kumlipa. Tafadhali usikope hela kwa ajili hiyo.

Dhana: Wakala hulipwa kabla ya kusoma.

Wakala wa kweli hula kamisheni: huko Uingereza na Marekani aghalabu asilimia 15 ya mapato ya mwandishi, na 20 kwa haki za kuchapisha zinazouzwa nchi za nje. Anayedai ada ya kusoma mswada, achana naye.

Dhana: Bila wakala huchapishwi.

Kwetu mawakala wa fasihi ni adimu, na mwandishi hupeleka mswada wake moja kwa moja kwa mchapishaji. Tena, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imeshaweka kipengele cha hadithi za watoto.