Mbwa Mwenye Kifafa: Tazama Saa Kabla ya Kumgusa

Mbwa akianguka ghafla usiku, akakaza miguu, akatoa povu na kujikojolea, wenye nyumba huwa na mawazo mawili ya haraka: amelishwa sumu, au ameshikwa na kichaa. Mawazo yote mawili yana sababu zake katika mazingira yetu, na tutayarudia hapa chini. Lipo hata hivyo jambo la tatu ambalo sisi madaktari wa mifugo tunalikuta mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, nalo ni kifafa. Makadirio yaliyofanywa Ulaya yanaonyesha kwamba katika mbwa 1,000, sita au saba hivi wana ugonjwa huu, na hakuna sababu ya kuamini kwamba mbwa wa kwetu wameepushwa nao. Tofauti ni kwamba wa kwetu wengi hawafikishwi kliniki. Hupigwa rungu na mlinzi au jirani kabla jua halijachomoza.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Degedege ni tukio lenyewe, yaani ule mtukutiko unaotokea pale umeme wa ubongo unapokosa mpangilio kwa muda, na linaweza kuletwa na mambo mengi. Kifafa ni ugonjwa wa kudumu ambao dalili yake ni degedege zinazojirudia. Jopo la kimataifa la wataalamu wa kifafa cha wanyama, katika miongozo yake ya mwaka 2015, liliweka mpaka ulio wazi: mbwa huhesabiwa kuwa na kifafa akipata degedege angalau mara mbili, zikiwa zimeachana kwa zaidi ya saa 24, bila kuwepo kitu kilichozichokoza wakati huo. Kwa hiyo mbwa aliyeanguka mara moja tu bado hajapewa jina la mgonjwa wa kifafa, na mwenye mbwa asikimbilie kununua dawa.

Kifafa kinachoonekana zaidi kwa mbwa ni kile ambacho vipimo vyote hutoka safi, na ambacho mara nyingi hurithiwa. Kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri kati ya miezi sita na miaka sita, na huwa kinapenda kumshika akiwa amepumzika au amelala, ndiyo maana simu nyingi tunazopokea ni za usiku wa manane. Aina kadhaa za mbwa zinajulikana kuwa na kifafa cha ukoo, miongoni mwao German Shepherd, Labrador, Beagle na Border Collie. Mbwa wa asili wa mitaani naye hupata, ingawa ni nadra mtu kuandika habari zake.

Sasa turudi kwenye kichaa na sumu. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa hubadilika tabia kwanza: huuma vitu visivyo na maana, sauti yake hubadilika, taya hulegea, mate humtoka mfululizo kwa kuwa hawezi kumeza, naye huzidi kudhoofika siku hadi siku na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Mwenye kifafa huanguka, hutukutika kwa dakika moja hadi tatu, huamka akiwa amechanganyikiwa, kisha hurudi kuwa mbwa yule yule mliyemzoea, anakula na kuitika jina lake. Huko kurudi ndiko kunakotofautisha. Ikiwa lakini mbwa hajachanjwa, na mate yake yamegusa kidonda au amemuuma mtu, msingoje kuona kama atarudi au hatarudi. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, mbwa atengwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa mifugo wa kata ajulishwe. Mbwa mwenye kifafa anapaswa kupata chanjo ya kichaa kila inapotakiwa, na kadi yake itunzwe mahali inapoonekana, maana siku akiangukia barabarani kadi hiyo ndiyo itakayomtetea.

Sumu nayo ina sura yake. Dawa za wadudu za mashambani, ambazo ndizo zinazotumika sana kuwaua mbwa kwa makusudi, huleta kutapika, kuhara, mate mengi na kutetemeka kwa misuli ya mwili mzima, na hali haikatiki baada ya dakika mbili. Huendelea na kuzidi. Huyo anatakiwa kufika kwa daktari mara moja. Watu wengi hukimbilia kumnywesha maziwa au mafuta ya kula, jambo ambalo kwa mbwa anayetukutika ni hatari tupu, kwa sababu yale maziwa huingia mapafuni. Ugonjwa mwingine wa kuangaliwa ni distempa, hasa kwa mbwa wachanga wasiochanjwa: hutanguliwa na homa, tongotongo na makamasi mazito, na baadaye mbwa hutafuna hewa kana kwamba ana kitu mdomoni. Watoto wadogo wa mbwa wanaweza kuanguka kwa kupungukiwa sukari baada ya kukaa na njaa. Mbwa mzee anayeanguka akiwa amelegea, kisha akasimama papo hapo bila kuchanganyikiwa, pengine tatizo lake ni moyo.

Tuje kwenye tukio lenyewe. Mzee mmoja alikuja kliniki akiwa na mbwa mzima kabisa, anatikisa mkia, na mkono wake mwenyewe umefungwa kanga iliyolowa damu. Mbwa alipoanguka, mzee aliingiza kijiko mdomoni ili ulimi usimezwe. Ulimi wa mbwa hauwezi kumezwa. Taya zilijifunga, kijiko kikapinda, na kidole cha shahada kikahitaji kushonwa hospitali. Tulipomuuliza degedege ilichukua muda gani, alisema nusu saa. Mjukuu wake, aliyekuwa amerekodi kwa simu, alitufungulia video: dakika moja na sekunde arobaini.

Si kwamba mzee alisema uongo. Kila aliyesimama kando ya mbwa anayetukutika huona muda umenyooka kama kamba, na ndiyo sababu jambo la kwanza tunaloomba lifanyike ni kutazama saa. Degedege inayokatika kabla ya dakika tano, hata iwe inatisha namna gani, kwa kawaida haimuumizi mbwa, na wakati huo hana fahamu. Ikivuka dakika tano bila kukatika, au akianguka tena kabla fahamu hazijamrudia, hiyo ni dharura inayoweza kuua, kwa sababu misuli inayofanya kazi bila kupumzika hupandisha joto la mwili hadi kuumiza ubongo na viungo vingine. Degedege mbili au zaidi ndani ya saa 24 nazo zinahitaji daktari siku hiyo hiyo. Huwezi kuyajua haya yote kama hukutazama saa.

Huku saa inakwenda, wasogezwe watoto na mbwa wengine; mbwa wenzake wakati mwingine humrukia aliyeanguka. Viti na vitu vyenye ncha viondolewe, na kama yuko karibu na ngazi au kisima, avutwe taratibu kwa kushikwa sehemu za nyuma, mbali na mdomo. Taa na redio vizimwe. Asimwagiwe maji usoni, wala asinusishwe kitunguu, kiatu au njiti ya kiberiti kama wengine wanavyomfanyia mtu aliyeanguka. Kitunguu akikila ni sumu kwa mbwa. Degedege ikirefuka, loweka tumbo na nyayo zake kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, na mpepee mkiwa njiani kwenda kwa daktari. Lile povu ni mate yaliyochanganyika na hewa tu, na kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa njia nyingine yoyote. Baada ya kuamka anaweza kuzunguka ovyo, kugonga kuta kama kipofu, kula kwa pupa, au kutomtambua hata anayemlisha. Hali hiyo huisha baada ya dakika chache, na mara nyingine huchukua hata siku nzima. Mpe nafasi, kwa kuwa wengi wanaoumwa huumwa katika kipindi hicho, wakati wanamkumbatia kumpa pole.

Kwa mbwa ambao degedege zao huja kwa mfululizo, daktari anaweza kumfundisha mwenye mbwa kuweka dawa ya diazepam kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa kipimo alichokiandika yeye. Dawa hiyo isivutwe mapema na kuachwa ndani ya bomba, kwa sababu plastiki huifyonza, na siku ya kuitumia utakuta imepungua nguvu. Vidonge vyake vya kumeza havifai kuwa tiba ya kila siku kwa mbwa.

Dawa ya kila siku huanzwa pale mbwa anapopata degedege mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au zinapokuja kwa mfululizo, au moja inapopitiliza dakika tano, au zinapozidi kukaribiana. Inayotumika zaidi ni fenobabitoni, ile ile wanayopewa watu wenye kifafa, na kipimo cha kuanzia ni miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 22 kwa hiyo huangukia kwenye vidonge viwili vya miligramu 30 asubuhi na viwili jioni. Natoa mfano huu ili mwenye mbwa aelewe hesabu anayoandikiwa, wala si ruhusa ya kujigawia: hii ni dawa inayodhibitiwa kisheria, haipaswi kutolewa bila cheti cha daktari, na ini la mbwa linatakiwa kupimwa kabla ya kuanza na kila baada ya miezi sita hivi. Dawa nyingine za binadamu, kama fenitoini na kabamazepini, mwili wa mbwa huziondoa haraka mno kiasi kwamba hazimfai, basi usimgawie za ndugu yako.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Anayehesabu saa kwa Kiswahili hana haja ya kukokotoa zile saa 12, kwani saa moja asubuhi na saa moja jioni zina jina moja. Chagua saa moja, au saa mbili, na ishike. Kidonge kifichwe ndani ya tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa nyama, na uhakikishe limemezwa, kwani wapo mbwa wajanja wanaokula tonge na kutema kidonge nyuma ya ndoo. Dozi ikisahaulika, mpe ukikumbuka, kisha endelea na ratiba bila kumpa mara mbili kwa mpigo. Kinachotuletea wagonjwa mahututi zaidi ni kukatisha dawa ghafla: duka la dawa limeishiwa, au mwenye mbwa amesafiri kwenda msibani na hakumwelekeza msaidizi wa nyumbani. Mwili uliozoea dawa ukinyimwa ghafla hulipuka kwa degedege mbaya kuliko za mwanzo. Weka akiba ya wiki mbili wakati wote.

Wiki mbili za kwanza mbwa atapepesuka na kusinzia. Hali hiyo kwa kawaida hutulia, na kiwango cha dawa kwenye damu hupimwa baada ya muda huo. Kiu, kukojoa mara kwa mara na njaa huendelea zaidi, hivyo maji yasikosekane na chakula kipimwe, la sivyo atanenepa mwaka huo huo. Akionekana na macho ya njano, akakataa chakula au akazidi kuzubaa, arudi kliniki mapema. Wengine huongezewa au hubadilishiwa potasiamu bromaidi, ambayo huchukua karibu miezi mitatu kufikia kiwango chake mwilini, na ambayo ina uhusiano wa pekee na chumvi: chumvi ikizidi kwenye chakula, mwili huitoa bromaidi kwa haraka. Mbwa anayekula dagaa wa chumvi leo na ugali mtupu kesho atakuwa na kiwango kinachopanda na kushuka, na mwenye mbwa atasema dawa haifanyi kazi.

Dawa za kupe zinahitaji tahadhari. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kundi la vidonge vya kutafuna vya kupe na viroboto, vikiwemo vya fluralaneri na afoksolaneri, vinaweza kuchochea degedege kwa baadhi ya mbwa. Mwambie muuza dawa kuwa mbwa wako ana kifafa kabla hajakufungia. Ivamekitini ya ng'ombe, dawa ya minyoo na wadudu inayochomwa kwa kukadiria kwa macho, tunaomba isimkaribie.

Katika daftari andika tarehe, saa ilipoanza na ilipokatika, alikuwa akifanya nini, na alichukua muda gani kurudi katika hali yake. Video ya simu ni bora kuliko maelezo yetu sote. Yule mzee wa kijiko aliporudi baada ya miezi minne alileta daftari la shule lenye mistari saba. Kwa kulisoma tu tuligundua kwamba degedege tano kati ya saba zilitokea Jumapili usiku au Jumatatu alfajiri. Jumamosi na Jumapili aliyebaki na mbwa alikuwa kijana mwingine, naye alimpa dawa mara moja kwa siku. Hatukuongeza dozi hata chembe.

Mbwa wengi hupata nafuu ya kuridhisha, lakini ni vyema kusema wazi kwamba nafuu mara nyingi maana yake ni degedege kupungua kwa nusu au zaidi, si lazima kwisha. Wapo pia, kati ya 20 na 30 katika kila 100, ambao dawa haziwatoshi, na kwa baadhi yao mazungumzo na daktari kuhusu kumpumzisha bila maumivu huja, wala si aibu kuyaanzisha. Dume au jike mwenye kifafa asizalishwe, na jike ahasiwe, kwa kuwa kipindi chake cha kutaka dume kinaweza kuongeza degedege. Aliyekaa mwaka mmoja hadi miwili bila kuanguka anaweza kufikiriwa kupunguziwa dawa, kwa kiasi kisichozidi asilimia 20 kila mwezi, chini ya uangalizi wa daktari. Na degedege ikirudi katikati ya upunguzaji huo, hurudishwa kwenye dozi ya awali, na huenda mara hii isiweze kumtuliza kama mwanzo.