Injini za mvuke za reli za magogo: dhana potofu na ukweli

Dhana: injini ya mvuke yenye kiungo katikati lazima iwe dude kubwa.

Picha za Big Boy, injini kubwa mno ya kampuni ya reli ya Marekani Union Pacific, iliyotoka kiwandani mwaka 1941, ndizo zilizotujengea imani hiyo. Lakini miaka mingi kabla yake, misitu ya majimbo ya Oregon na Washington, Marekani, ilikuwa na injini ndogo zenye kiungo, nyingi zikitengenezwa na kampuni ya Baldwin ya Philadelphia.

Reli ya magogo, yaani ya kusafirisha magogo kutoka msituni, ilitandikwa upesi na kwa bei nafuu, na miti ikiisha iling'olewa. Kona zilikuwa kali, milima mikali, vyuma vyepesi. Injini yenye magurudumu mengi kwenye fremu moja ndefu haiwezi kona hizo: hung'ang'ania, husukuma reli nje, mwisho huanguka. Ukiyagawa magurudumu makundi mawili, kila kundi na silinda zake, na kuweka kiungo katikati, injini inapinda pamoja na njia, na uzito unaenea kwenye ekseli nyingi. Kiungo kiliwekwa kwa sababu ya ubovu wa njia. Kwangu hapo ndipo ulipo ustadi wake, kuliko kwenye majitu kama Big Boy.

Dhana: silinda nne hula mvuke mara mbili.

Kinyume chake. Anatole Mallet, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Ufaransa, alipata hataza yake mwaka 1884 akitafuta kubana matumizi. Mvuke wa boila huingia kwanza kwenye silinda ndogo za nyuma. Ukishasukuma pistoni haujaisha nguvu, kwa hiyo hupelekwa mbele kwenye silinda kubwa zaidi, unafanya kazi tena, ndipo utoke kwenye dohani. Kuna faida nyingine ambayo husahauliwa: bomba linalopita kwenye kiungo, ambalo lazima lichezecheze, hubeba mvuke uliokwisha kupungua shinikizo, hivyo ni rahisi zaidi kulizuia lisivuje.

Dhana: makundi yote mawili ya magurudumu hujigeuza.

Kwenye Mallet, yaani injini ya mpango huo wa Anatole Mallet, fremu ya nyuma imefungwa imara kwenye boila. Ya mbele tu ndiyo huyumba. Ndiyo maana kwenye kona kali pua ya boila huonekana imetokeza nje ya njia. Wasomaji wa Afrika Mashariki huichanganya na Garratt, kama Mount Gelai iliyopo makumbusho ya reli Nairobi. Garratt ni mpango mwingine: boila limening'inia katikati ya seti mbili za magurudumu, na zote mbili hugeuka.

Dhana: injini za msituni zote zilikuwa Shay.

Shay, yenye hataza ya 1881 ya Ephraim Shay wa Michigan, ilitumia gia na shafti upande mmoja kuzungusha magurudumu yote. Kwa kupanda haikuwa na mfano, ila ilienda polepole. Kampuni yenye safari ndefu kutoka msituni hadi kiwanda cha mbao ilihitaji mwendo zaidi, na hapo ndipo Mallet ilipofaa.

Dhana: Mallet ilifaa reli yoyote nyepesi.

Hapana. Mwaka 1909 Baldwin waliiundia reli ya Little River, Tennessee, Mallet ndogo. Ikaonekana nzito mno kwa njia ile, ikarudishwa kiwandani. Baadaye ikauzwa magharibi, ikapewa jina Skookum, ikavuta magogo jimbo la Washington hadi ilipoanguka mwaka 1955 na kuachwa msituni.

Dhana: zote zimeishia kuwa vyuma chakavu.

Skookum ilifufuliwa, na mwaka 2019 ikavuta abiria pwani ya Oregon. Nyingine, namba 110, iliyoundwa mwaka 1928 kwa kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser, imekuwa ikivuta watalii kati ya Hill City na Keystone, South Dakota, kwenye milima inayoonyesha vizuri kwa nini kiungo kile kilihitajika.