Rauta ya CNC darasani: yanayosemwa na yalivyo

Rauta tunayoizungumzia hapa si kile kiboksi cha intaneti. Ni mashine ya seremala: mota inazungusha biti, yaani kisu cha kukatia, na kompyuta (ndiyo maana ya CNC) ndiyo inayoisogeza kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Karakana za mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioanza katika sekondari za Tanzania mwaka 2024, ni mahali pake hasa. Tatizo ni maneno yanayoingia nayo. Mengine yanavunja biti, mengine yanaumiza mapafu ya watoto.

"Ikienda polepole ndiyo salama"

Hili ndilo la kwanza kufuta, kwa sababu linaonekana la busara. Biti inatakiwa ikate, isisugue. Chukua biti ya meno mawili inayozunguka mara 10,000 kwa dakika, kila jino likila milimita 0.05 za mbao. Zidisha: 10,000 × 2 × 0.05. Kasi ya kusogea inatoka milimita 1,000 kwa dakika. Mwalimu akiogopa, akaishusha hadi 300, kila jino linabaki na milimita 0.015. Hapo jino halipati cha kung'ata. Linasugua na kuzalisha joto. Plaiwudi inageuka kahawia na kunuka moshi, akriliki, ile plastiki ngumu, inayeyuka na kujiviringisha kwenye biti, na muda si mrefu biti inakatika.

Angalia kinachotoka. Chenga zinazohisika vidoleni ni dalili njema; unga laini kama wa ngano, pamoja na biti ya moto, ni dalili ya kusugua. Mashine ikilemewa, punguza kwanza kina, si mwendo. Mashine ndogo za mezani, kama zile za aina ya 3018 zenye eneo la kazi la milimita 300 kwa 180, hazina fremu imara, kwa hiyo plaiwudi ya milimita 6 ikatwe kwa mapito sita ya milimita moja moja. Kina kikiwa sawa na bado inaungua, punguza mizunguko ya mota.

"Mashine inafanya kila kitu, mwanafunzi hajifunzi chochote"

Mashine hii ni kipofu. Haijui ubao uko wapi wala una unene gani, inaamini ilichoambiwa. Plaiwudi iliyouzwa kama ya milimita 12 huweza kuwa na 11.4, na asiyepima kwa kalipa ya venia, ileile ya maabara ya fizikia, atakata kiungo kinacholegea.

Kisha kuna kuweka sifuri, yaani kuionyesha mashine mahali pa kuanzia kupima, na hapa ndipo mwanafunzi anapojifunza utulivu. Mota ikiwa imezimwa, anaweka kipande cha karatasi juu ya ubao na kushusha biti kwa hatua za milimita 0.1, huku akiivuta karatasi taratibu. Ikianza kukwama, biti imefika. Unene wa karatasi ya kawaida ni kama milimita 0.1. Biti ikibadilishwa, sifuri ya urefu inawekwa upya, maana hakuna biti mbili zinazotokeza sawasawa. Akisahau, biti itakata hewa au itazama hadi kwenye meza.

Kipande kinachokatwa pande zote kiachiwe vishikizo vitatu au vinne, yaani sehemu ndogo zisizokatwa, vya upana wa milimita 5. Bila hivyo, pito la mwisho linakiachia huru, biti inakidaka na kukirusha.

"Kila mwanafunzi avae glavu"

Hapana. Glavu ikishikwa na biti inayozunguka inauvuta mkono. Miwani ya kinga, ndiyo, kwa kila aliye karibu. Tai ya sare ivuliwe, ncha za hijabu zichomekwe ndani, nywele ndefu zifungwe. Na mmoja asimame muda wote mkono ukiwa karibu na swichi ya dharura, bila kazi nyingine.

"Vumbi la mbao ni la asili, halina madhara"

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ina unga mwembamba zaidi pamoja na gundi ambayo mara nyingi ina formaldehaidi. Fyonza vumbi pale pale kwenye biti kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini sana. Usifagie likiwa kavu, usipulize kwa hewa ya kompresa. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta FFP2, barakoa ya kuchuja vumbi laini. Kama hakuna kifyonzio, MDF isiingie darasani kabisa.

"Umeme ukikatika, kazi itaendelea ilipoishia"

Kwenye mashine nyingi za bei nafuu zinazotumia GRBL, programu inayoendesha mashine, umeme ukirudi mashine haijui iko wapi. Kabla ya kuwasha, zungusha kwa mkono skrubu inayopandisha na kushusha mota hadi biti itoke kwenye mbao. Mashine yenye swichi za mwisho wa reli hurudishwa nyumbani, yaani mahali pake pa kuanzia, kisha sifuri ya kazi iliyohifadhiwa inapatikana tena. Isiyo nazo inahitaji alama: kabla ya kukata, toboa kitundu kifupi cha milimita moja penye sifuri, kwenye kona itakayobaki taka. Biti ikirudishwa kwenye kitundu hicho, kazi inaanza upya kutoka mstari wa kwanza, ikipita hewani palipokwisha kukatwa.