Je, wajua mwimbaji huimbaje sawasawa ndani ya video inayorudi nyuma?

Katika video ya The Scientist, wimbo wa bendi ya Uingereza Coldplay, kila kitu kinarudi nyuma. Mwimbaji wake, Chris Martin, anainuka kwenye godoro, anatembea kinyumenyume hadi msituni, na gari lililopata ajali linarudi barabarani likiwa zima. Mdomo wake, hata hivyo, unaenda sambamba na wimbo. Imewezekanaje?

Wengi hudhani aliimba kawaida, kisha mhariri akageuza picha. Ijaribu dhana hiyo kwa neno moja tu, “mapenzi”. Ukilitamka, midomo hufumba kwenye m, hufumba tena kwenye p, kisha hutanuka kwenye i. Igeuze picha hiyo: spika inatoa m, huku midomo imeshatanuka kwa ajili ya i. Hata mtoto atagundua. Wengine husema uso ulibandikwa baadaye kwa kompyuta. Wala!

Mwongozaji Jamie Thraves, ambaye tayari alikuwa na filamu yake ndefu, The Low Down (2000), alihitaji mwimbaji ajifunze wimbo mzima kinyume, na inaelezwa kwamba kazi hiyo ilimchukua Martin takriban mwezi. Miguu ilitembea kawaida mbele ya kamera. Mdomo ndio uliokwenda kinyume.

Wimbo ni kama uzi wa shanga unaoushika kutoka ncha ya pili: “mapenzi” inakuwa “iznepam”. Ila kila ushanga nao lazima ugeuke. Sauti p huanza kwa midomo kufumba na kubana hewa, kisha hupasuka. Kinyume chake ni mdomo ulio wazi unaojifunga ghafla. Afueni ni kwamba k na g hutengenezwa nyuma kabisa ya mdomo, kamera isikofika, hivyo kosa dogo hapo halionekani. Kwenye m, b, p, f na v hakuna msamaha.

Mwongozaji mwingine, Spike Jonze, alishaifanya mbinu hii miaka ya 1990 na kundi la hip-hop The Pharcyde la Los Angeles, kwa msaada wa mtaalamu wa isimu. Thraves naye alishinda tuzo ya MTV ya uongozaji bora mwaka 2003 kwa video ya The Scientist.

Video za mwendo wa taratibu zina hesabu ya aina hiyohiyo. Wimbo hupigwa kwa kasi maradufu, mwimbaji anaukimbiza, na kamera inanasa fremu (picha moja moja) 50 kwa sekunde. Zikionyeshwa 25 kwa sekunde, mwili unaelea na mdomo unarudi kwenye kasi halisi ya wimbo.